Kusimamia Miradi ni Kujifunza Siku Zote

Mkuu wa Shule ametutaka sisi tuliosoma hapa zamani tuwaandikie wanafunzi habari za kazi tuzifanyazo. Wenzangu wamekwisha kuandika habari za uganga na za ualimu. Mimi nimeombwa niandike habari za kusimamia miradi. Kazi hii haina koti jeupe wala kofia ya cheo, na wazazi wengi hawaijui. Mama yangu mwenyewe mpaka leo akiulizwa mwanawe hufanya kazi gani, hujibu, "Yuko kwenye maji," kwa kuwa mradi wa kwanza alioniona nao ulikuwa wa maji.

Basi nitaanza kwa kueleza kazi yenyewe, kisha nitasema jambo moja ambalo nawaomba mlishike. Jambo hilo ni kwamba cheti cha kazi hii ni mlango tu, na mwenye kukaa mlangoni bila kuingia ndani huwatia watu wengine hasara. Silisemi hili kwa kulisoma kitabuni. Nililijua kwa kuaibika mbele ya watu.

Mradi ni kazi yenye mwanzo na mwisho, ifanywayo ili kuleta kitu ambacho hakikuwapo. Kufundisha ni kazi ya kila siku, bali kujenga darasa ni mradi. Kulima shamba la shule kila mwaka si mradi, bali kuchimba bwawa la kulinywesha shamba hilo ni mradi. Msimamizi si lazima awe fundi kuliko mafundi wake. Yeye huangalia mambo manne: kazi iliyokusudiwa ifanyike, ikwishe kwa wakati wake, isile fedha kupita kiasi, na ikwishapo iwafae wale waliokusudiwa. Mambo haya manne huvutana. Ukiharakisha sana, fedha huongezeka. Ukibana sana fedha, ubora hupungua. Kuyapatanisha ndiyo kazi yenyewe.

Mimi nilipata stashahada yangu nikiwa kijana, nikaajiriwa mara moja. Kwa muda wa miaka 9 sikufungua tena kitabu cha kazi yangu. Nilisimamia ujenzi wa vyoo vya shule, ukarabati wa zahanati na madaraja madogo, na yote yalikwisha salama. Nikadhani ni akili zangu, kumbe miradi ilikuwa midogo tu, na makosa yangu hayakupata nafasi ya kukua.

Mwaka wa 10 nikakabidhiwa mradi wa maji katika kijiji kimoja cha mkoa wa Dodoma, ambacho jina lake nalihifadhi. Kisima kirefu kilikuwa kimekwisha kuchimbwa. Kilichobaki ni kufunga pampu, kujenga tangi, kulaza mabomba ya kilometa 4 na kujenga vituo 6 vya kuchotea maji. Wanakijiji walikubali kuchimba mtaro wa mabomba kwa kujitolea, bila kulipwa hata senti.

Nilianza mwezi wa Septemba, nikaanza na mtaro. Kwa nini mtaro? Kwa sababu watu walikuwa na hamu, na wakubwa wakija kukagua hupenda kuona majembe yakipanda na kushuka. Kwa wiki 6 watu walichimba katika ardhi kavu, wanawake kwa wanaume, mpaka mtaro ukafika mwisho. Ndipo nilipoagiza mabomba, ingawa fedha zake zilikuwa tayari tangu siku ya kwanza. Mabomba yakachukua wiki 11 kufika.

Mwenye kuujua mkoa wa Dodoma amekwisha kufahamu yaliyotokea. Mvua ziliingia mwezi wa Desemba. Kingo za mtaro zikaporomoka, tope likajaa, na pengine mtu asingeweza kujua kwamba palikuwa pamechimbwa. Mabomba yakafika mwanzoni mwa Januari. Nikamwomba mwenyekiti wa kijiji awaite watu wachimbe tena. Na Januari ndio wakati wa kupalilia mtama na uwele. Asiyepalilia mwezi huo hatavuna.

Walikuja nusu tu ya wale wa kwanza. Bibi mmoja, ambaye mara ya kwanza alikuwa akiwaongoza wenzake kwa nyimbo, alikuja na jembe lake, akasimama mbele yangu akasema, "Mwanangu, mara ya kwanza tulichimba kwa ajili ya maji. Mara hii tunachimba kwa ajili yako." Hakusema kwa hasira. Akashuka mtaroni akaanza kazi. Maji yalitoka mwezi wa Aprili, nami nilijua kwamba yako mashamba yaliyoingiwa na magugu kwa sababu yangu.

Pale kazini palikuwa na kijana fundi, aliyetoka chuoni mwaka ule ule. Jioni moja alichukua mfuko mtupu wa saruji, akaupasua, akaanza kuchora juu yake vijisanduku vilivyounganishwa kwa mistari. Mwanzo nilichukia. Nani alimwomba mtoto huyu anifundishe? Lakini nilipotazama nikauona mradi wangu wote pale juu ya karatasi, na kosa langu limekaa katikati kama mwiba.

Napenda kuwaeleza alichochora, kwa mfano rahisi. Tuseme shule yataka kujenga banda la kuku. Kufyatua matofali na kuyakausha ni siku 14. Kuyachoma na kuyaacha yapoe ni siku 5. Kujenga msingi wa mawe ni siku 3. Kusimamisha kuta ni siku 6. Kuezeka ni siku 2. Mabati yakiagizwa mjini hufika baada ya siku 10. Ukijumlisha zote utapata siku 40, lakini banda halitaki siku 40, kwa kuwa msingi waweza kujengwa huku matofali yakikauka, na mabati yaweza kuwa njiani wakati huo huo. Tafuta njia iliyo ndefu kuliko zote. Ni ile ya matofali, kisha kuta, kisha kuezeka: 14 na 5 na 6 na 2, jumla siku 27. Banda haliwezi kwisha chini ya siku hizo. Siku moja ikipotea kwenye matofali, banda lote huchelewa siku moja. Bali mabati hayatakiwi mpaka siku 25 zipite, basi hata ukichelewa siku 15 kuyaagiza, hapana kitakachoharibika. Kwa hiyo mwalimu msimamizi, kwa kuwa ana macho mawili tu, ayaelekeze kwenye matofali.

Katika mradi wangu mabomba ndiyo yaliyokuwa matofali. Kama ningeyaagiza siku ya kwanza ya Septemba, yangefika katikati ya Novemba. Ningewaita wachimbaji mwezi wa Oktoba, na mtaro ungefukiwa kabla ya tone la kwanza la mvua. Nguvu za watu zingetumika mara moja tu.

Hesabu hii si ngeni. Mmarekani Henry Gantt alikuwa amekwisha kueneza chati ya mistari ya kuonyesha kazi na siku zake katika miaka ya 1910. Njia ya kutafuta mfuatano mrefu wa kazi ilitungwa mwaka 1957 katika kampuni ya Kimarekani ya DuPont. Mwaka uliofuata, 1958, jeshi la wanamaji la Marekani lilitunga njia iliyofanana nayo kwa ajili ya mradi wa makombora ya Polaris. Na lililo baya zaidi ni kwamba mimi nilifundishwa jambo hili chuoni, nikaliandika katika mtihani, nikapewa alama nzuri. Kisha nikaliacha, nalo likaniacha. Elimu isiyotumika wala kurudiwa huota kutu kama jembe lililowekwa uvunguni.

Mzee mmoja wa upande ule, aliponiona nimeinamisha kichwa, aliniambia nisijidhanie wa kwanza. Akanikumbusha habari za karanga za Kongwa, alizosimuliwa na baba yake. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kupikia. Mwaka 1946 wajumbe walitumwa kuitazama nchi, ukafanywa mpango wa kulima karanga katika eka zaidi ya milioni 3, nyingi zikiwa Tanganyika. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947. Matrekta mengi yalikuwa mabaki ya vita, yakavunjika moja baada ya jingine. Mizizi ya vichaka na mibuyu ikawashinda watu. Udongo wa Kongwa una mfinyanzi mwingi, na kiangazi ulipouchoma ukawa mgumu kama tofali, hata kuzitoa karanga ardhini ikawa taabu. Mvua nazo zilikuwa chache. Lengo lilipunguzwa, lakini fedha nyingi zilikuwa zimekwisha kutumika. Januari 1951 serikali ya Uingereza iliuacha mpango ule, na hasara ilifika paundi zipatazo milioni 36.

Wale hawakuwa wajinga. Walikuwa na wataalamu wenye vyeti vikubwa. Walichokosa ni kujifunza kutoka kwa ardhi yenyewe na kwa watu wanaoishi juu yake, na kubadili mpango mapema kabla fedha hazijakwisha. Hasara yangu ilikuwa ndogo kuliko yao mara nyingi sana, lakini mzizi wake ulikuwa ule ule.

Kwa sababu hiyo wenye kazi hii siku hizi hawaachiwi wakae na cheti cha ujanani mpaka uzeeni. Nitatoa mfano mmoja. Kiko chama cha wasimamizi wa miradi, Project Management Institute, kilichoanzishwa Marekani mwaka 1969. Tangu mwaka 1984 hutoa cheti kiitwacho kwa kifupi PMP, ambacho hujulikana katika nchi nyingi. Mwenye cheti hicho hulazimika kukusanya pointi 60 katika kila miaka 3, na kwa kawaida saa moja ya kujifunza huhesabiwa pointi moja. Pointi zisizopungua 35 ziwe za kujifunza kwenyewe, nazo zigawanywe katika pande tatu: njia za kufanya kazi, namna ya kukaa na kuwaongoza watu, na ujuzi wa biashara na shabaha za shirika. Zilizobaki zaweza kupatikana kwa kufanya kazi hiyo na kwa kuwafundisha wengine. Asiyetimiza husimamishwa, na akiendelea kulala cheti chake hufutwa. Vivyo hivyo hapa Tanzania, Bodi ya Usajili wa Wahandisi huwataka wahandisi wajiendeleze hata baada ya kusajiliwa.

Huenda mtu akauliza, je, mambo hubadilika kiasi hicho? Naam, hubadilika. Chama kile kina kitabu chake cha mwongozo. Toleo la 6, la mwaka 2017, lilipanga kazi katika hatua 49. Toleo la 7, la mwaka 2021, likauacha mpango huo likasimamia kanuni 12. Mwaka 2025 likatoka la 8. Na tusitazame mbali. Hapa nchini, mwaka 2023 ilitungwa Sheria mpya ya Ununuzi wa Umma, na mwaka huo huo manunuzi ya serikali yakahamishiwa katika mfumo mpya wa kompyuta uitwao NeST. Msimamizi wa mradi wa serikali aliyejua njia za zamani tu alijikuta hawezi kununua hata mfuko wa misumari mpaka akae chini afundishwe.

Sasa nitawaeleza mimi mwenyewe hufanya nini tangu mwaka ule wa aibu. Si mambo makubwa.

Kwanza, nina daftari. Kila Ijumaa jioni huandika mistari mitatu: nilitazamia nini, kilitokea nini, na safari ijayo nitafanya nini. Watu wengi huandika mafunzo ya mradi siku ya mwisho, wakati ambapo kila mtu amechoka na aliyekosa amekwisha kusahau au kujitetea. Mimi huandika kosa lingali bichi. Kabla ya kuanza mradi mpya husoma daftari zote tangu mwanzo, na ukurasa wa kwanza ni ule wa mtaro.

Pili, husoma kila Jumamosi asubuhi. Wengine husema hawana nafasi. Hebu tupige hesabu. Saa 60 katika miaka 3 ni saa 20 kwa mwaka, yaani dakika 23 kwa juma. Mtu asiyeweza kupata dakika 23 katika juma zima hakosi nafasi, amekosa nia. Na husoma hasa yale yanayonishinda. Mimi napenda michoro na hesabu za siku, lakini vitabu vya fedha vilikuwa vikinitia usingizi. Basi nikajiandikisha katika masomo ya jioni ya utunzaji wa hesabu, nikakaa darasani na vijana walioniita "mzee", nikafaulu. Mtu hupenda kujiendeleza katika lile alijualo, kwa kuwa ni tamu. Bali faida iko katika lile alikimbialo.

Tatu, huwauliza walio chini yangu kwa cheo. Dereva anajua barabara ipi hukatika wakati wa masika. Fundi anajua saruji ipi huchelewa kushika. Bibi mwenye jembe anajua mvua huingia lini. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na mkubwa asiyeuliza hana hata wa kumwonya.

Nne, hufundisha. Kila mwaka huchukua vijana wawili wa mafunzo ya kazi, nikawaeleza kila ninachofanya na sababu yake. Mara nyingi huniuliza, "Kwa nini?" nami nikakuta kwamba sina jibu isipokuwa mazoea. Hapo ndipo ninapojua pa kusoma Jumamosi ijayo.

Enyi wanafunzi, msingoje chuo. Hisabati mfundishwayo sasa ndiyo itakayopima fedha na siku. Jiografia itawaambia habari za udongo na mvua. Kiswahili na Kiingereza vitawawezesha kuandika taarifa ambayo mtu ataielewa bila kuuliza mara mbili. Na muhula huu, chagueni kazi moja ya shule, iwe bustani, mashindano ya michezo au mahafali. Andikeni kazi zote ndogo zilizomo, siku za kila moja, na ipi yaingoja ipi. Tafuteni njia ndefu kuliko zote. Kazi ikwishapo, kaeni tena mwandike palipopotoka, bila kumtafuta wa kumlaumu. Mtakuwa mmefanya jambo ambalo mimi sikulifanya kwa miaka 9. Baadaye, mwenye cheti cha sekondari aweza kuanza na cheti kidogo cha chama kile nilichokitaja, kiitwacho CAPM, akiwa na saa 23 za mafunzo. Lakini kina gharama, basi asikimbilie kabla hajajaribu kazi akaona kama anaipenda.

Nanyi wazazi, nina ombi moja. Mtoto wenu akipata kazi kisha mkasikia anarudi darasani jioni au anatumia mshahara wake kununua vitabu, msimwambie, "Si ulikwisha kusoma?" Mimi niliambiwa hivyo na watu wanipendao, nami nilifurahi kuambiwa, kwa kuwa ilikuwa ruhusa ya kulala.

Baada ya miaka 3 nilitumwa tena katika kijiji kile kile, tuongeze bomba la kilometa moja na nusu kufika shuleni. Safari hii sikumwita mtu kuchimba mpaka mabomba yote yalipokuwa yamefika na kuhesabiwa. Siku ya mkutano, bibi yule alikuwapo, amekaa chini ya mti. Mwenyekiti alipomaliza kusema, bibi akainua mkono, akauliza neno moja tu: "Mabomba yako wapi?"

Nikamchukua mpaka nyuma ya darasa, nikamwonyesha yamepangwa chini ya turubai. Akayagusa kwa mkono, akahesabu machache kwa kidole. Kisha akaenda nyumbani kuchukua jembe lake.

Nawatakia nyote masomo mema.